Mstari wa Dawa Kizingitini

Fundi alikuwa akigeuza kola ya shati la mteja alipoona kwamba Mkaguzi amelala ndani ya bakuli lake la maji, kichwa tu nje, saa ambayo kwa kawaida huwa juu ya jiwe anajianika chini ya taa. Akazima cherehani, akasogea.

Mkaguzi alikuwa guruguru, mjusi mnene kama mkono wa mtu mzima, na aliishi katika kizimba cha kioo kando ya meza ya kukatia nguo. Jina hilo alipewa na marehemu baba kwa namna alivyomtazama kila aingiaye, kana kwamba anamtafutia kosa. Baba alipofariki mali iligawanywa. Dada mkubwa alipata duka la nguo la barabara kuu, fundi akapata cherehani na guruguru. Hakulalamika. Cherehani ilikuwa nzima, na guruguru alimpenda.

Alimtoa Mkaguzi majini na kumfuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikabaki na vidoa vyekundu, na vidoa hivyo vikaanza kutembea. Ulikuwa utitiri. Ulikuwa umejaa chini ya magamba, kwapani na kuzunguka macho, umeshiba, hauna wasiwasi.

Haikuchukua muda kujua ulikotoka. Siku chache nyuma Mgeni alikuwa ameleta kigogo kizuri cha guruguru kupandia, na kigogo hicho alikiokota kwenye banda la kuku bovu la jirani. Mgeni alikuwa shemeji yake fundi, mdogo wa mumewe. Alifika kumuaga kaka yake aliyekuwa anasafiri kikazi. Kaka akaondoka, yeye akabaki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nao wahenga hawakukosea, ila nyumba ya fundi haikuwa na jembe. Alimpa mkasi, Mgeni akakata suruali ya mwalimu mguu mmoja mfupi. Tangu siku hiyo hakupewa kitu. Kigogo ndiyo kazi pekee aliyojituma mwenyewe, na matokeo yake ndiyo hayo.

Fundi akaingia vitani kwa silaha alizozijua. Alitupa mchanga wote wa kizimbani, akatandika magazeti aliyoyapiga pasi pande zote mbili. Kigogo nacho alikipiga pasi ya mvuke mpaka nyumba nzima ikanuka moshi. Mawe aliyachemsha. Mkaguzi alimkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akimshikilia kidevu, huku anamtoa utitiri mmoja mmoja kwa ncha ya sindano namba tisa. Mkaguzi alivumilia yote hayo akimtazama kama anayehesabu makosa.

Utitiri ulirudi. Ulikuwa umekwishaingia kwenye nyufa za ukuta na mbao za meza, na jua likizama tu, ulirudi kula. Mkaguzi akaacha kula panzi. Rangi yake ikapauka, ngozi ya shingo ikalegea kama soksi iliyoisha mpira. Fundi akaingiwa na hofu. Macho yale ndiyo yaliyokuwa yamebaki ya kumtazama kama baba alivyokuwa akimtazama, na hakuwa tayari kuyaona yakifumba.

Alikwenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji alimsikiliza bila kuinua kichwa, kisha akamchotea dawa ya kijivu kwenye mfuko wa karatasi.

"Usimpake mwilini," alisema, "utamuua yeye kabla yao. Chora mstari kuzunguka. Chochote kinachoishi kwa damu ya mwenzake hakivuki."

"Chochote?"

"Chochote, mama," alijibu, akamgeukia mteja mwenye bata.

Fundi alichora mstari kwa mkono wa mtu aliyezoea chaki. Alizungushia miguu ya meza ya kizimba, akapita kando ya kuta, na kwa kuwa dawa ilikuwa imebaki, akamalizia kwenye kizingiti cha mlango wa mbele na wa nyuma. Akamwogesha Mkaguzi mara ya mwisho, akamrudisha. Asubuhi yake utitiri ulikuwa umejipanga nje ya mstari, ukanda mwembamba mwekundu, umetulia kama watu wanaosubiri dirisha lifunguliwe. Akaufuta kwa tambara lenye maji ya moto, akaenda kupiga mswaki.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mgeni aliamka akataka kwenda kununua vocha. Alifika mlangoni, akainua mguu, mguu ukakataa kuvuka. Ukabaki hewani juu ya mstari kama wa korongo. Akajaribu wa pili, nao vilevile. Alikwenda mlango wa nyuma, akarudi.

"Shemeji, sitoki," alisema.

"Labda ni dawa," fundi alisema.

"Si neno. Sina haraka." Akarudi kulala.

Fundi mwenyewe alitoka na kuingia mara tatu, ili kuwa na hakika. Alivuka bila shida, akajisikia vizuri kidogo.

Kisha akaja dada. Alikuja kila Jumamosi kuchukua nguo, na pakiti ya lebo mkobani. Fundi alishona, dada alibandika lebo yenye jina la dada, na nguo zikaenda dukani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu baba azikwe. Mwezi uliopita fundi alikuwa amekutana barabarani na mwanamke aliyevaa koti lililoshonwa na fundi mwenyewe, lile la mifuko ya pembeni lililomkosesha usingizi, akashindwa kujizuia kulisifu. Yule mwanamke akamshika bega kwa huruma. "Hili hulipati kwa fundi wa mtaani, dada yangu," akamwambia. Fundi alicheka njia nzima, na alipofika nyumbani akalia.

Sasa dada alikuwa kizingitini, mguu mmoja hewani.

"Umemwaga nini hapa, mdogo wangu?"

"Dawa ya utitiri, dada."

"Kali hiyo."

"Inafanya kazi."

Dada alijaribu mguu wa kulia, wa kushoto, akajaribu kinyumenyume. Akautupa mkoba ndani. Mkoba ukapita, ila pakiti ya lebo ikachomoka na kuanguka nje, miguuni pake. Wakati huo jirani mwenye kuku alikuwa anakuja kuomba uzi. "Samahani, napita," alisema, akainama chini ya mkono wa dada, akavuka, akaanza kuchagua rangi.

"Mbona huyu anapita?" dada aliuliza.

Fundi hakuwa amepanga kusema. "Muuzaji alisema kinachoishi kwa damu ya mwenzake hakivuki."

Jirani akazama kwenye nyuzi za bluu, ingawa alikuwa amekuja kwa ajili ya nyeupe. Kutoka chumbani sauti ya Mgeni ikasema, "Usiweke moyoni, dada. Hata mimi imenikamata."

Jua lilikuwa linampiga dada utosini, na fundi aliona kwa mara ya kwanza kwamba nywele zake za mbele zimekuwa nyeupe.

"Mama alipokufa," dada alisema, "nani alikubeba mgongoni?"

"Wewe, dada."

"Nani alikufundisha kutia uzi kwenye sindano?"

"Ni wewe."

"Basi," alisema dada, na machozi yakamlengalenga, na yalikuwa machozi ya kweli.

Yote yaliyosemwa yalikuwa kweli, na mstari nao ulikuwa kweli. Fundi alimpenda dada yake na alimkasirikia kwa wakati mmoja.

"Lakini lebo, dada," alisema. "Hata nguo moja tu iwe na jina langu. Hata kwa ndani, mfukoni, pasipoonekana."

"Tutaongea," alisema dada.

Neno hilo alikuwa akilisema tangu arobaini ya baba.

Fundi alichukua ufagio. Angeweza kuufuta mstari, yakaisha. Akageuka kumtazama Mkaguzi. Guruguru alikuwa juu ya jiwe lake, rangi imemrudia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa anatafuna panzi, mguu mmoja wa panzi ukining'inia pembeni ya mdomo. Fundi akaurudisha ufagio nyuma ya mlango.

Akaenda kuchukua ubao wa kupigia pasi. Akaulaza juu ya kizingiti, ncha moja nje, nyingine ndani, juu ya mafungu mawili ya vitambaa ili usiguse dawa. Dada akavua viatu, akaokota lebo zake, akapanda. Ubao ukayumba. Fundi akaushikilia kwa goti na kumpa mkono.

"Polepole, dada. Usije ukaanguka."

Dada akavuka. Utitiri mchache uliokuwa umesalia nje ulisogea kutaka kumfuata, lakini fundi aliuwahi, akauinua ubao. Wakanywa chai. Dada alicheka sana aliposikia habari za Mgeni, naye Mgeni akatoka chumbani kucheka pamoja nao, akavushwa kwenda kununua vocha, akavushwa tena kurudi kwa chakula cha mchana. Baadaye dada alitoa lebo, akahangaika na sindano, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Fundi akamnyang'anya taratibu, akamtilia uzi.

Mkaguzi alinenepa. Majirani walizoea. Wengine waliomba dawa kidogo ya nyumbani kwao, kisha wengi wao wakaomba pia vipimo vya ubao. Kila Jumamosi sauti ya dada ilisikika tangu kona ya mtaa, "Mdogo wangu, daraja!" na fundi aliacha cherehani na kwenda kulitandika.

Kwa kuwa ubao ulikuwa unateleza, aliushonea foronya ya turubai, yenye mishono miwili kila ukingo na vishikio viwili vya mkono. Ilikuwa kazi safi, pengine safi kuliko zote alizowahi kufanya. Dada alipoivuka mara ya kwanza alisimama katikati, akaipapasa kwa mguu, akaisifu kwa moyo wote. Kisha akaketi pale pale darajani, nusu nje nusu ndani, akaomba atiliwe uzi, akaibandika foronya lebo yenye jina lake.