Mama Keren

Mignonne hakuwahi kuzaa, na huko Bukavu alikotoka mwanamke asiyezaa hubaki na jina la ubatizo mpaka limchoshe. Wenzake walikuwa Mama Bahati, Mama Hénock. Yeye Mignonne tu, na umri uliposogea wakamwongezea "tantine", yaani shangazi, kumfariji. Hapa Brussels, katika nyumba ya wazee kule Woluwe alikofanya kazi ya kuwaosha na kuwalisha, alikuwa Madame Mignonne. Akirudi chumbani kwake jioni hakuwa na jina lolote, maana hapakuwa na wa kumwita.

Ndipo akaja Gerald Tolley, mwongozaji wa filamu kutoka Uingereza, mzee mwenye masikio makubwa na koti lililochoka kuliko yeye. Tolley alikuwa na tabia iliyowatia wazimu watoa fedha: hakuandika filamu zake. Alianzia kwenye kumbi za maigizo kaskazini mwa nchi yake, na kila alikokwenda kuomba aliulizwa hadithi iko wapi, naye akajibu kwamba haijui bado. Wengi walimtoa nje. Tuzo zilimfikia nywele zikiwa zimekwisha. Subira yavuta heri, wanasema, lakini yake ilivuta kwa mwendo wa kobe, na kwao walikuwa wamemchoka tena. Fedha za filamu hii alizipata kwa Wabelgiji.

Kazi aliifanya hivi. Alikaa na mwigizaji mmoja faraghani, wiki baada ya wiki, wakimbuni mtu tangu kuzaliwa kwake: shule, ndoa, magomvi. Kisha aliwakutanisha wawili na kuwaacha waongee bila kupangiwa neno, yeye kimya kwenye kona. Kila mmoja alijua yale tu ambayo mtu wake angeyajua. Mengine Tolley aliyafungia kifuani.

Tolley alimwona Mignonne kanisani Ixelles akigombana na mpiga kinanda, akampenda hapo hapo, akamchukua aigize. Siku za mwanzo akamwuliza, "Huyu mwanamke wetu ana watoto?"

"Mmoja," Mignonne akasema. "Msichana. Keren. Anasoma Liège."

Basi katika ghorofa waliyokodi Etterbeek, Bertin wa Lubumbashi, aliyeigiza mume, akaanza kumwita hivyo. "Mama Keren, chumvi iko wapi?" "Bon, Mama Keren, unakasirika bure!" Walipika sombe ya kweli, majani ya muhogo, wakanuniana kwelikweli. Kule Woluwe wazee walishangaa kuoshwa na mtu anayeimba. Siku moja alinunua hata mto wa Keren, akauweka kitandani. Mcheke ukitaka, hujui ukali wa kukaa miaka bila mtu wa kukuita. Jambo moja tu lilimnyima usingizi: filamu ingekwisha, na jina lingekwisha nayo.

Siku ya mwisho Tolley alimwambia maneno machache. Ni Jumapili, unapika, kamera ipo.

Hodi ikapigwa. Bertin akafungua. Akaingia msichana mwenye nywele za kusuka, koti limelowa mvua.

"Maman," akasema.

Jina lake halisi lilikuwa Sephora. Tolley alikuwa akimwandaa peke yake kwa miezi, bila kumwambia Mignonne hata neno. Mignonne hakuwahi kumwona, wala hakuhitaji kuuliza ni nani. Alijawa na furaha mpaka ikamwumiza.

"Maman, sitakaa. Nilikuya kukuambia tu, ninaenda Canada na copain, mpenzi yangu. Donc, usiningojee tena. Kila siku unaniita kwa simu, kila siku unalia. Nimechoka."

Kila mtu chumbani alingojea kelele. Mignonne alimtazama viatu vilivyolowa.

"Mutoto yangu," akasema, "ulisha kula?"

Sephora alilia, na hakuwa anaigiza. Akageuka, akatoka.

Tolley alijitokeza na macho mekundu. Kwa Kifaransa chake kibovu akauliza kama wangeweza kurudia, kamera ikae upande wa pili.

"Mais papa Tolley," Bertin akafoka, "utamuua huyu maman!"

Lakini Mignonne alikuwa ameshafuta machozi na kurudi kwenye sufuria. "Turudie," akasema.

Hodi ikapigwa tena. Sasa alijua nani anaingia na atasema nini, na bado alimngoja kwa hamu. Keren akaingia, akaaga, akaulizwa kama amekula, akaondoka. Wakarudia mara ya tatu.

"Imetosha," Tolley akasema. "Tumeipata. Asante, Madame Mignonne."

Mafundi wakazima taa na kukunja nyaya. Bertin akamkumbatia, akamwita dada, akaenda zake. Mignonne akabaki jikoni na mwiko mkononi.

"Monsieur Tolley," akasema. "Mara moja tu tena. Hata bila kamera. Aje tu aniage."

Mzee akaenda dirishani kumtafuta. Sephora alikuwa ameshapanda basi.