Mkalimani Aliyesema "Anasema"

Wakalimani tuna sheria isiyoulizwa sababu: msemaji akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Waziri akijisifu, unajisifu. Ukisema "anasema kwamba", wewe bado mwanafunzi. Aliyenifundisha hilo ni shangazi yangu, na mwaka wangu wa kwanza alinitoa kwenye kibanda cha kutafsiria kwa kosa hilo, mchana kweupe, bila haya.

Sheria ya pili aliona haimhusu. Mmoja akiwa hewani, mwenzake humwandikia namba kwenye karatasi, kwa sababu namba hupotea upesi kuliko maneno. Shangazi aliisukuma kando penseli yangu miaka yote. "Mimi si mgonjwa," alikuwa akisema. Mwezi uliopita alidondosha namba mara mbili katika kikao kimoja, na mkuu wetu akasema waziwazi kwamba ikidondoka nyingine, mama huyu atapumzika nyumbani. Siku ya mkutano wa madaktari, mkuu alikaa ukumbini na hedifoni masikioni, akitusikiliza.

Daktari mzee wa ubongo akapanda jukwaani, na shangazi akaanza kutafsiri kwa ulaini wake ule ule. Nyuzi zinazopitisha habari kichwani, alisema, huchakaa ganda lake kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo habari hufika kwa kuchelewa. Nafasi ya kushika mambo kadhaa kwa pamoja nayo hupungua: moja likiingia, jingine linatoka. Lakini maneno na ujuzi wa kazi huendelea kuongezeka hata mvi zikishaota. Daktari akachomeka msemo wa kwao ambao mimi ningehangaika nao mpaka chakula cha mchana. Shangazi hakupepesa jicho. "Utu uzima dawa," alisema, na ukumbi ukacheka.

Kisha daktari akageukia habari zake mwenyewe.

"Anasema," shangazi akasema, "anasema kwamba siku hizi yeye hawezi tena..."

Nikamgeukia. Kule ukumbini mkuu aliinua kichwa. Nilimwonea shangazi aibu, na hasira kidogo pia: mtu mzima anakimbia "mimi", neno la silabi mbili!

Akabonyeza kitufe cha kuzima sauti, akavuta pumzi, akakiachia.

"Mimi mwenyewe siku hizi siwezi kushika namba nyingi kichwani. Nilificha. Kilichoniharibia kazi ni kuficha, si uzee. Sasa yupo mwenzangu ananiandikia."

Shangazi hakuongeza neno; daktari ndivyo alivyosema. Ila daktari hakutetemeka sauti.

Akanisogezea karatasi bila kunitazama. Namba za utafiti zikaja mfululizo. Niliandika, akasoma, haikudondoka hata moja.

Wakati wa mapumziko mkuu akachungulia mlangoni. "Nimeisikia ile 'anasema'."

"Umesikia sawasawa," shangazi akajibu.

"Na zile namba?"

"Namba za huyu. Maneno yangu."

Mkuu akashika kitasa cha mlango. "Basi kesho mje wote wawili."

Mlango ulipofungwa, shangazi aliutazama mwandiko wangu.

"Kesho uandike kubwa kubwa, mwanangu," alisema. "Na macho nayo yameanza kwenda."