Dada na Nyumba ya Kuuza

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, mdogo wake fundi mwashi. Waliporithi kiwanja cha baba yao walikubaliana wajenge nyumba, waiuze. Waliivana vizuri mpaka kuta ziliposimama.

Mwashi alitaka nguzo nene barazani. "Mnunuzi hununua kwa macho, dada."

"Na akishahamia, atapikia macho?" Dada akajaza beseni maji, akatoka nalo jikoni kwenda uani. Ikambidi akatize sebuleni, maji yakimrukia miguuni. "Kila siku ya Mungu mama wa watu apite mbele ya wageni na nguo mbichi? Hebu toboa mlango hapa."

Mwashi alinung'unika, lakini alitoboa. Kesho yake alimkuta dada yake amekalia tofali katika chumba cha watoto, jua la alasiri likimchoma usoni. Dirisha nalo likahamishwa. Nguzo zikafa kifo cha kimya. Saruji yake ikatumika kujengea tangi la maji ya mvua.

"Hivi unawajengea kina nani?" mwashi aliuliza.

"Sijui. Hata gauni la kuuza nalishona sijamwona mvaaji. Ila najua ana mabega, na kuna siku atainua mikono."

Mwashi alishinda jambo moja tu: vigae vya sebuleni, vya bluu inayong'aa kama kioo.

Wakaja mume na mke. Mke alikanyaga vigae vile akashika kifua. "Baba watoto, ni hii hii! Umeiona rangi?" Habari za mlango wala jua hawakuuliza. Wakainunua.

Mwashi alidhani dada yake atanuna. Kumbe alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Umenipiga bao, mdogo wangu! Macho yamenunua kweli."

"Lakini kazi yako yote hawakuiona."

"Koti likikukaa sawasawa, unasahau kama umelivaa. Waache waishi."

Mwashi akahesabu kazi zake za nyuma. Nyumba alizokwishajenga zilikuwa nyingi, na katika zote alijivunia kile tu kinachoonekana kutoka barabarani.

"Dada," alisema hatimaye, "kuna kiwanja nimekiona kule juu. Twende ukakitazame kabla sijachimba msingi."

"Jua linachomozea upande gani?"

Hakujua. Ikabidi waongozane wakaangalie.