Aliyeketi Mdomoni mwa Bunduki

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Iliya, Radoi aliondoa sufuria mezani, akalaza bunduki yake juu ya gunia la maharagwe, akachomoa komeo na kuchungulia ndani ya mtutu kutokea nyuma. Katika kile kiduara cha mwanga aliliona bomba la moshi la Penko, jirani yake. Kisha, bila kuigusa bunduki, akatazama kwa kilengeo. Kilengeo kilimwonyesha banda la nguruwe.

Ilikuwa bunduki ya jeshi, ya kukoki kwa mkono, waliyouziwa wawindaji wa kijiji jeshi lilipopata mpya. Kiwandani zilipimwa shabaha zikiwa na singe, kile kisu cha bunduki, mdomoni. Serikali ikauza bunduki, singe ikazibakiza, ikazipeleka kwenye vyuma chakavu. Ndivyo wakubwa walivyo: hukupa jembe, mpini wakabaki nao. Bila uzito wa singe, kila bunduki kijijini ilipiga juu na kulia. Wengine walikigonga kijino cha kulengea kwa nyundo mpaka kikakaa sawa. Cha Radoi kilikuwa kimeota kutu, kikawa kitu kimoja na mtutu.

Tsona, mkewe, aliingia akikung'uta udongo kwenye aproni. Alikuwa amekufa tangu vuli iliyopita.

"Bado unapiga juu," alisema.

"Na kulia."

"Na soksi hizo umezivaa tangu lini?"

Radoi alivuta miguu chini ya meza. Tsona alikusanya sketi, akaketi mdomoni mwa bunduki, miguu ikining'inia. Wafu hawana uzito mwingi. Wake ulikuwa kama wa singe. Radoi akachungulia tena. Bomba la moshi ndani ya mtutu, bomba la moshi kwenye kilengeo.

"Usitikisike," alisema.

"Nitikisike niende wapi? Wewe pumua vizuri, mzee wangu."

Kila sikukuu ya Iliya kijiji kilimshindania kondoo dume kwa kulenga shabaha. Nyama huliwa na wote, na Radoi hakuwa na njaa ya nyama. Alitaka kile kinachofuata: mshindi huketi kuume kwa meya, na kabla mtu hajagusa sahani, husimama akauliza swali moja. Meya sharti avue kofia ajibu. Swali la Radoi lilimkaa kooni tangu vuli. Siku Tsona aliposhikwa na moyo, gari la wagonjwa lilifika ng'ambo ya mto, likasimama penye shimo la daraja lililobomoka. Daktari alipaza sauti kutoka kule, akauliza mgonjwa anajisikiaje.

Uwanjani, Penko alipomwona Tsona juu ya mtutu alitupa kofia chini.

"Hilo ni egemeo! Kanuni zinakataza egemeo!"

"Egemeo ni hilo tumbo lako, Penko," alisema Tsona.

Watu wakacheka. Mwamuzi, Bi Kera wa posta, alivaa miwani akaizunguka bunduki.

"Egemeo huibeba bunduki," alisema. "Huyu anabebwa nayo. Endelea, Radoi. Na pole, Tsona, sikupata nafasi ya kukwambia."

"Ahsante, Kera. Maua yako yalikuwa mazuri."

Tsona aliziba masikio, Radoi akapiga. Risasi zote zilipita tundu moja. Bi Kera alidhani nyingine zimekosa, mpaka alipotia kidole akaona tundu limepanuka. Penko alitema mate, kisha akamkumbatia jirani yake.

"Mama mkwe wangu yuko kule kule makaburini," alinong'ona. "Unadhani atakubali?"

"Yule atakuzamishia mtutu ardhini."

Mezani Radoi alisimama. Mpiga zumari akalitoa zumari mdomoni.

"Mheshimiwa, daraja litatengenezwa lini?"

Meya Hristan alivua kofia, akaishika kifuani.

"Mbao zimeshaagizwa."

Mwaka uliotangulia mshindi mwingine aliuliza hilo hilo, naye alijibu hivyo hivyo. Desturi hudai jibu. Haikusema liwe la kweli. Meya akavaa kofia, zumari likalia, visu vikaanza kazi. Radoi alibaki wima, mkate mkononi, hadi Tsona alipomvuta shati.

"Kaa ule, inapoa. Mimi nitanusa mvuke."

Akala. Rakia, pombe kali ya matunda, ilipozunguka, walicheza ngoma ya duara, na Tsona akajikuta ameshika mkono wa meya.

"Huko mliko pakoje?" meya aliuliza kwa adabu.

"Pametulia. Taabu ni kuvuka tu."

Meya alicheka sana. Alimpenda mwanamke yule, akatangaza palepale kwamba tangu sasa kila mlengaji aje na marehemu wake, na ofisi itawaheshimu.

Wiki haijaisha, mbao zikafika. Zilikuwa za mwaloni, ndefu, nene, mikokoteni miwili imejaa. Mafundi wakazishusha uwanjani, wakatengeneza benchi la wafu, lenye mgongo na pa kuwekea mikono. Mama mkwe wa Penko ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa, akasema ni gumu.

Tsona aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akausikiliza.

"Zingetosha," alisema.

"Zingetosha na kubaki," alisema Radoi, akamsogezea mahali penye kivuli, kwa kuwa meya alikuwa ameshika mkasi wa kukatia utepe na hotuba ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.