Wimbo wa Zawadi Msibani

Usiku wa jana niliota nimetumbukia ndani ya filamu ninayoihariri, pale pale kwenye msiba. Sikushtuka. Tukio hilo nimelikatakata wiki nzima, hata mikeka nilikuwa naijua.

Bosi wangu, Anyosisye, alishaniambia: "Weka wimbo unaojulikana, watu walie. Wakicheka, tafuta kazi nyingine." Nami nikaweka ule ambao kila ukumbi wa harusi huupiga wakati wa kupeleka zawadi. Nani asiyeujua?

Basi wimbo unaanza. Waombolezaji wanainuka, wanapanga foleni, wanakwenda mbele kwa madaha. Huyu ana sufuria, yule ana blenda, wengine wamejitwika godoro. Wanampelekea marehemu.

Marehemu, Bi Kidawa, anakaa kitako ndani ya jeneza.

"Zawadi haipokelewi umelala," ananiambia. "Mimi nimelelewa, mwanangu."

Yarabi! Nikamkimbilia Wimbo. Alikuwa amekaa juu ya spika, kavaa suti ya bwana harusi, anajipepea.

"Kaka, toka. Huu ni msiba."

"Mimi nimefanya nini? Nimeingia mikono mitupu. Kila mtu hapa kaja na harusi yake kichwani."

"Utanifukuzisha kazi!"

"Punguza presha. Mtazame binti."

Zawena, binti wa marehemu, yuko mwisho wa foleni. Hana zawadi. Anacheza polepole huku macho hayamtoki mama yake.

"Kwenye harusi yangu mama ndiye aliyeongoza foleni," anasema. "Alicheza mpaka kilemba kikadondoka. Leo nani ataniongoza?"

Akaangua kilio. Foleni nzima ikalia naye, na hakuna aliyeacha kucheza. Aliyebeba blenda alijifuta machozi kwa waya wake. Nami nililia, jamani, nililia mpaka nikaona aibu, maana wimbo ule ule sasa ulikuwa unakata maini.

Bi Kidawa akachomoa pamba masikioni, akanikabidhi.

"Nishikie, nisikie vizuri. Na huo wimbo, ole wako uuguse."

Simu ikaniamsha. Ni Anyosisye, anafoka.

"Wewe! Ule wimbo wa harusi umeutoa? Leo jioni tunaonyesha, watu watatucheka!"

Nikafumbua kiganja. Vipande viwili vya pamba, vinanukia kafuri.

"Hautoki, bosi," nikamjibu. "Marehemu kakataa."