Amri ya Nane

Nimemwambia mkuu wa mafunzo mpaka mate yamenikauka. Sikatai makadeti wakariri amri za lindo. Hata mimi nilizikariri, na zimeniokoa nilipokuwa nimechanganyikiwa. Ninachotaka ni kijana aweze kuichomoa ile anayoihitaji, siyo lazima aziburute zote kuanzia mwanzo. Mkuu hunijibu, "Koplo, utaratibu ni utaratibu," kisha huyo, anaendelea na chai yake.

Kadeti ambaye mkuu hujivunia mbele ya wageni ni yule tuliyembandika jina la Kanda, kama ya kaseti, maana ukishamwasha hazimiki mpaka mwisho. Kijana mzuri, ana adabu, na hilo ndilo linaloniuma.

Juzi mchana Kanda alikuwa lindoni kwenye mlango wa stoo ya jikoni. Ndani, nyuma kabisa ya magunia, dada yangu, mpishi wa chuo, alikuwa akitafuta mchele. Waya wa taa ukapiga shoti, magunia matupu yakashika moto. Mimi nilikuwa ng'ambo ya uwanja wa gwaride. Nikaona moshi unafuka dirishani, na Kanda amesimama wima, filimbi shingoni, midomo inamchezacheza.

Amri ya moto ni ya nane: piga filimbi, fungua mlango, toa watu. Alikuwa hajaifikia.

"Piga filimbi, wewe!" nilipiga kelele huku nikikimbia. Akashtuka, akanitazama, akavuta pumzi. Nilipomkaribia nikamsikia: "Amri ya kwanza. Mlinzi haondoki lindoni bila ruhusa..."

Mkuu amewafundisha kwamba anayekatizwa anaanza upya. Nami nilikuwa nimemkatiza. Nilimsukuma kando, naye akiendelea kukariri, nikaupiga mlango teke, nikaingia kumtoa dada yangu kwa kumburuta miguu. Hasira niliyokuwa nayo ningeweza kumtafuna mtu.

Leo mkuu amekuja wodini na mfuko wa machungwa, Kanda nyuma yake, macho mekundu. Dada amelala, mikono yote imefungwa bandeji, nywele za mbele hana. Mkuu akampa pole, kisha akamwamuru kijana azitaje amri. Akazitaja zote, hakukosea hata neno.

"Unaona, koplo?" mkuu akaniambia. "Amri anazijua. Tatizo ni wewe, ulimkatiza."

Dada ndiye aliyemjibu, kwa sauti iliyokauka na moshi.

"Mkuu, hebu muulize. Mimi naanza kupiga mayowe naungua, yeye alikuwa amri ya ngapi?"

Kanda akakaza mikono ubavuni, kama walivyomfundisha.

"Ya tatu, dada," alisema. "Mara ya pili."