Maonyo ya Njano ya Duane

Duane Pruitt ananichemsha damu. Kila tukikagua programu, skrini yake inajaa maonyo ya njano toka juu mpaka chini, naye anayapita kana kwamba hayamhusu.

"Janice, nyekundu ndiyo inasimamisha kazi," aliniambia tena Jumatatu, mdomo umejaa mkate. "Njano mapambo tu."

"Mapambo ya mazishi yako."

Hapa San Jose tunatengenezea madaktari wa mifugo programu ya simu: mpime mbwa uzito, ikupe kiasi cha dawa ya usingizi. Toleo halitoki bila mimi kulikubali, na Duane alitaka niwe nimelikubali kabla ya chakula cha mchana.

Nikafungua onyo la kwanza. Kompaila, ile programu inayogeuza tunachoandika kiwe lugha ya mashine, ilikuwa ikilalamika kwamba kuna amri mbili za jina moja, za kuuliza uzito: moja ya mbwa, inayojibu kwa desimali, nyingine ya mfuko wa chakula, inayojibu kwa namba nzima. Duane hakutaja anamuuliza nani. Objective-C, lugha ya programu tunayoandikia, inaruhusu uzembe huo, kwa hiyo kompaila hubahatisha. Ikibahatisha vibaya, uzito unaotoka ni takataka.

"Lakini kwangu imefanya kazi!"

"Bahati yako. Biscuit hajambo?"

Biscuit ni mbwa wake mzee. Tangu mkewe afariki, nyumba ile ina wao wawili tu.

"Kesho analazwa usingizi, ang'olewe jino. Kwa Dokta Engstrom."

Engstrom ndiye anayetujaribia kila toleo jipya. Nikamtazama. Duane akaacha kutafuna.

"Usilikubali," akasema.

"Ala! Si mapambo?"

"Janice, tafadhali." Utani wangu ukanitoka wote. Nikavuta kiti, nikakaa naye.

Tukazipa zile amri majina tofauti, na kila mahali akaandika wazi: huyu ni mbwa, huu ni mfuko. Akafuta hata maonyo yasiyomgusa mbwa yeyote. Mwisho akaipanga kompaila ili kuanzia leo njano isimamishe kazi kama nyekundu.

"Umeridhika, bibi mkubwa?"

"Kabisa." Nikalikubali toleo.

Hapo hapo akashika simu. "Dokta, kesho dawa ya Biscuit ipigie hesabu kwa mkono, sawa?"

Nikacheka hadi machozi. "We Duane! Si tumeshatengeneza? Humwamini fundi?"

"Namjua fundi mwenyewe," akasema, "ndiyo maana."